Mzigo wa bure shambani, karatasi yake ya vipimo iko wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme kidogo kuhusu huu mtindo wa kumwaga taka zinazooza mashambani, maana kila anayeandika habari zake anausifia tu, ati taka inarudi kuwa chakula, mkulima anapata mbolea bure, mji unabaki msafi, kila mtu kafurahi. Mimi ni mkulima, samadi natumia na sina ugomvi nayo hata kidogo, udongo usiopewa kitu cha kuoza unachoka, unakuwa mgumu, mvua ikinyesha maji yanateleza juu yanaenda zake. Kwa hiyo msije mkanisoma vibaya. Ninachouliza ni hiki, mzigo unapofika shambani nani anajua ndani yake kuna nini, na ikija kugundulika baadaye kwamba kuna sumu nani anabeba hasara?

Hilo la pili jibu lake nalijua, anabeba mwenye shamba. Aliyetoa taka keshaachana nayo, mwenye lori keshachukua hela yake ya kubeba, we ndo umebaki na udongo, na udongo huwezi kuurudisha kwa mwenyewe.

Halafu watu wanalichukua hili neno taka kama vile ni kitu kimoja. Sio kitu kimoja. Kuna samadi ya ng'ombe, kuna mavi ya kuku yaliyochanganyika na maranda, kuna mboji ya taka za sokoni na majumbani, kuna mabaki ya machinjio, kuna maji mazito yanayotoka kwenye mtambo wa biogesi, na kuna tope la majitaka, lile linalobaki kwenye mabwawa ya kusafishia maji ya chooni na viwandani. Kila moja lina shida yake na namna yake ya kuishughulikia, ukiziweka zote kwenye kapu moja la "mbolea ya asili" ushampoteza mkulima hata kabla hajashika koleo.

Nianze na tope maana ndilo linaloniogopesha zaidi. Kiwanda cha kusafisha majitaka kazi yake ni kama chujio, yanayotakiwa kutoka safi ni maji, na uchafu ule hauyeyuki ukapotea hewani, sehemu kubwa inabaki kwenye tope. Yaani kadiri maji yanavyotoka safi ndivyo tope linavyobeba mengi. Na kwenye bomba la majitaka hakuingii choo peke yake jamani, kunaingia maji ya hospitali, gereji, wanaotengeneza betri, wanaopaka rangi, wanaochuna ngozi, na mvua inayoosha barabara. Ni kweli tope lina naitrojeni na fosforasi nyingi, mmea ukiliona unafurahi, majani yanakuwa ya kijani mpaka jirani anauliza unatumia nini. Lakini metali zenye sumu kama kadmiamu, risasi na zebaki nazo zimo humohumo, na hizo hazinuki wala hazionekani kwa macho.

Metali hizi hazina tarehe ya kuisha. Kule Uingereza kuna jaribio la shambani linajulikana sana kwa watu wa udongo, lilifanyika Woburn chini ya kituo cha utafiti cha Rothamsted, walimwaga tope la majitaka kuanzia 1942 mpaka 1961 halafu wakaacha. Zaidi ya miaka 20 baadaye wakapima, metali nyingi bado ziko palepale kwenye udongo wa juu. Na kilichoshangaza ni hiki, walipopanda klova, mmea wa jamii ya kunde unaotakiwa kujitengenezea naitrojeni kwa msaada wa bakteria wa kwenye mizizi, haukufanya kazi hiyo, bakteria wazuri walikuwa wameisha, waliobaki ni wale wavivu wasiotengeneza kitu. Hebu fikiria, umemwaga mbolea ili shamba liwe na rutuba, kumbe umeua fundi aliyekuwa anakutengenezea mbolea bure miaka yote.

Kadmiamu yenyewe inapenda kupanda kwenye mboga za majani na kwenye mpunga, na udongo ukiwa na asidi inapanda zaidi, ndio maana wataalamu wanasema kabla hujamwaga chochote pima pH kwanza, yaani kiwango cha asidi cha udongo, na ikibidi weka chokaa. Ikiingia kwenye mwili wa mtu inakaa kwenye figo, inachukua miaka 10 mpaka 30 kupungua nusu. Wajapani waliliona hili kwa uchungu kwenye bonde la mto Jinzu mkoa wa Toyama, maji yenye kadmiamu kutoka mgodini yalimwagilia mashamba ya mpunga, watu wakala ule wali miaka na miaka, mifupa ikawa inavunjika kwa kukohoa tu, figo zikafa. Pale haikuwa tope la majitaka, najua, lakini kadmiamu haiulizi imekuja kwa bomba gani, njia yake ya kutoka kwenye udongo kwenda kwenye sahani ni ileile.

Sasa mtu ataniambia sheria zipo. Zipo kweli. Umoja wa Ulaya una agizo lake la 1986 kuhusu tope mashambani, Marekani wana kanuni zao za 1993, zinaweka kiwango cha juu cha metali. Lakini ukizisoma unaona shida, kanuni za Marekani zinahesabu metali 9 tu. Mwaka 2018 mkaguzi wa ndani wa shirika lao la mazingira, EPA, alitoa ripoti akasema kwenye tope kumeshaonekana vichafuzi 352 ambavyo shirika halina taarifa za kutosha kusema ni salama au sio salama. Tisa kwa mia tatu hamsini na mbili! Kwa hiyo mzigo unaweza kuja na karatasi inayosema umepita vipimo vyote, na karatasi ikawa haidanganyi, ila vilivyopimwa ni vichache.

Moja ya vitu ambavyo havikuwa vinapimwa ni hizi kemikali zinazoitwa PFAS, wenyewe wanaziita kemikali za milele kwa sababu haziozi. Zinatumika kwenye vikaango visivyonasa chakula, nguo zisizolowa maji, povu la kuzimia moto na mambo mengi ya viwandani. Jimbo la Maine kule Marekani tope lilimwagwa mashambani tangu miaka ya 1980, wakulima wakiambiwa ni mbolea nzuri na vibali vipo. Kuanzia 2016 ndipo ikaanza kugundulika kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, maji ya kisima yana PFAS, nyasi zina PFAS, maziwa yana PFAS. Mashamba mengine yakafuata. Mwaka 2022 Maine likawa jimbo la kwanza Marekani kupiga marufuku kabisa kumwaga tope mashambani, wakatenga dola milioni 60 kuwasaidia wakulima walioharibikiwa. Uswisi walishaachana na tope mashambani tangu 2006. Hawa sio watu wanaokosa hela za maabara wala wataalamu, na bado ilipita miaka zaidi ya 30 kabla mtu hajapima kitu sahihi. Januari 2025 ndio EPA wametoa rasimu yao ya tathmini ya hatari ya aina mbili za hizo kemikali kwenye tope. Rasimu, ndugu mhariri.

Kuna mfano mwingine wa jimbo la Michigan, hukohuko Marekani, nauona una jibu ndani yake. Kiwanda cha kupaka kromu kwenye vipuri vya magari kilikuwa kinamwaga PFAS kwenye bomba la majitaka la mji wa Wixom, tope la mji likaenda kwenye shamba la ng'ombe, mwaka 2022 serikali ya jimbo ikatoa tahadhari kwa watu waliokuwa wameshanunua nyama ya shamba lile. Lakini kiwanda kilipowekewa vichujio vya kaboni, kemikali iliyokuwa inatoka ilishuka kwa zaidi ya asilimia 90. Umeona? Mkulima asingeweza kufanya chochote, angelima angepalilia angeomba, isingetoka. Aliyekuwa na uwezo wa kuizuia ni yule wa mwanzo wa bomba, na ilimgharimu kichujio. Hapo ndipo msimamo wangu ulipo, ishu hii inamalizwa kule taka inakotoka, shambani mmeshachelewa.

Nisije nikaonekana natetea samadi kwa sababu ni ya kwetu wafugaji. Samadi nayo ina mambo yake. Mei 2000 mji mdogo wa Walkerton, Ontario, Kanada, mvua kubwa ilishusha vijidudu vya samadi ya ng'ombe mpaka kwenye kisima kifupi cha mji kilichokuwa karibu na shamba, bakteria aina ya E. coli O157:H7 wakaingia kwenye maji ya bomba, dawa ya klorini ya kuua vijidudu kwenye maji haikuwa inasimamiwa vizuri, watu 7 wakafa na zaidi ya 2,300 wakaugua. Tume iliyochunguza ikasema mwenye shamba alifuata taratibu zote nzuri za kutumia samadi, hakuwa na kosa. Yaani unaweza kufanya kila kitu sawa na bado mtu akafa, kwa sababu kisima kilichimbwa mahali pabaya. Ndio maana mimi mtu akiniambia anamwaga samadi mbichi masika mvua imeshakaza, mteremko unaelekea kisimani, nakosa hata cha kumjibu.

Na kuna hii ya dawa ya magugu, ambayo wengi hawaijui kabisa. Kuna dawa za kuua magugu ya majani mapana kwenye malisho, aminopiralidi na klopiralidi, mtu anapulizia nyasi, nyasi haidhuriki, ng'ombe anakula, dawa inapita tumboni mwa ng'ombe nzima nzima inatoka kwenye mavi, mavi yanarundikwa yanakuwa samadi na dawa bado imo. Unaweka kwenye nyanya au maharage, majani machanga yanajikunja kama yanataka kujifunga, yanakuwa membamba, ncha inapinda, mtu anadhani ni virusi anaenda kununua dawa nyingine. Uingereza mwaka 2008 bustani nyingi ziliharibika hivi mpaka dawa yenyewe ikasimamishwa kuuzwa kwa muda. Hii bahati nzuri unaweza kujipimia mwenyewe bila maabara. Chukua makopo sita, matatu weka udongo wako mtupu, matatu changanya udongo na ile samadi nusu kwa nusu au samadi kidogo zaidi, panda maharage mawili matatu kila kopo, makopo ya samadi na ya udongo mtupu usiyaweke kwenye sahani moja maana maji yanayochuruzika yatahamisha dawa, subiri wiki tatu nne mpaka majani halisi yatoke. Yakitoka yamenyooka pande zote mbili haya endelea, yakijikunja kwenye yale matatu ya samadi tu basi huo mzigo usiupeleke kwenye bustani. Shida ni kwamba kipimo hiki kinakamata dawa ya magugu peke yake, samadi ikiwa na kadmiamu maharage yataota vizuri kabisa na utacheka.

Kuku je? Kwa miaka mingi Marekani walikuwa wanawapa kuku dawa zenye aseniki, ambayo ni sumu, kwenye chakula ili wakue haraka, ikauzwa mpaka 2011 ile maarufu iitwayo roksasoni, na ya mwisho ya aina hiyo iliondolewa 2015. Kuku anakula aseniki, sehemu kubwa inatoka kwenye mavi, mavi yanaenda shambani. Nguruwe nao wanapewa shaba na zinki nyingi kwenye chakula, ukimwaga mavi yao kwenye malisho usilete kondoo pale karibuni, kondoo shaba inamuua haraka kuliko mnyama mwingine yeyote wa zizini. Na maranda ya banda la kuku yakiwa na mizoga ndani, kuku waliokufa mtu akaona uvivu kuwatoa, ule mzoga ukioza unaweza kutengeneza sumu ya botulizimu, vipande vikisambaa kwenye malisho ng'ombe wanaanza kulegea, wanaanguka, ulimi unakosa nguvu, hawasimami tena. Mzigo wa mavi ya kuku ukija mimi nauchambua kwa reki kabla lori halijaondoka. Unakuta manyoya, unakuta mfupa, unakuta waya. Waya ng'ombe akiumeza unatoboa tumbo unaelekea kwenye moyo, hiyo wafugaji wanaijua.

Mboji ya taka za majumbani nayo ichambueni. Vipande vya mifuko, vibandiko vya matunda, vioo vidogo vidogo. Plastiki ikishapita kwenye mashine ya kusaga taka haitoki tena, imekuwa vumbi, inaenda shambani kila mwaka na kila mwaka inaongezeka.

Kuhusu vijidudu ndiyo sehemu yenye matumaini, kwa hiyo sitakaa sana hapo. Joto linaviua. Lundo likifika nyuzijoto 55 likakaa hapo siku 3 kwenye chombo kilichofungwa, au siku 15 kwenye lundo la wazi huku ukiligeuza angalau mara 5 ili la nje liingie ndani, vijidudu vingi vimekwisha, hata mayai ya minyoo ambayo yakiachwa kwenye udongo yanaweza kukaa miaka. Shirika la Afya Duniani kwenye miongozo yake ya 2006 linataka kinyesi kilichotibiwa kiwe na chini ya yai 1 la minyoo kwa gramu moja ya uzito mkavu. Na kama samadi ni mbichi, kanuni za kilimo hai za Marekani zinasema pasipungue siku 120 kabla ya kuvuna kile kinachogusa udongo, siku 90 kwa kisichogusa. Huo ni uvumilivu tu na kipimajoto chenye mchi mrefu, hakuna cha ajabu. Ila watu wanalundika wiki moja wanaona moshi unafuka juu wanasema imeiva, hawajaligeuza hata mara moja, pembeni bado bichi kabisa. Na joto hilo hilo halifanyi kitu kwa metali wala PFAS, tena mboji ikioza inapungua uzito na metali zinabaki, kwa hiyo kila kilo ya mboji ina metali nyingi kuliko kilo ya taka uliyoanza nayo. Mtu akikwambia "usijali imeshachomwa na joto" muulize imechoma nini.

Kuna wanaosema mkulima aachwe aamue mwenyewe, mtu mzima ana akili zake. Mimi nawajibu hivi, akili ninazo, maabara sina. Kipimo cha PFAS kinahitaji mashine ambazo hata nchi tajiri zina maabara chache za kukifanya, na ni ghali, huwezi kumwambia mtu wa ekari mbili akapime kila lori. Anayeweza kupima ni yule mwenye bwawa la majitaka, mwenye machinjio, mwenye kiwanda cha kuchakata taka, yeye ana mzigo mmoja mkubwa unaotoka sehemu moja, kipimo kimoja kinatosha kwa malori mengi. Na mwenye mabomba anajua viwanda gani vimeunganishwa kwake, au anatakiwa ajue. Kwa nini hii kazi ashushiwe mtu wa mwisho kwenye mnyororo?

Ninachotaka kiandikwe kwenye sheria, na mnaweza kulichukua wazo hili au kulipinga, ni kwamba hakuna mzigo wa tope au mboji ya taka za mjini kushushwa shambani bila karatasi inayosema umetoka wapi, umepimwa lini, umepimwa vitu gani kwa majina na namba zake, na umeshaenda mashamba gani. Karatasi hiyo abaki nayo mkulima na nakala abaki nayo aliyetoa, zote mbili zitunzwe miaka mingi sio mwaka mmoja, kwa sababu tumeona haya mambo yanagundulika baada ya miaka 30. Na aliyetoa mzigo ndiye alipe ikigundulika kuna kitu, hata kama aliutoa bure, hasahasa kama aliutoa bure kwa sababu bure hiyo ilimwokolea yeye gharama za kutupa. Shamba nalo lipimwe mara moja kabla ya lori la kwanza, ili baadaye pasiwe na ubishi kwamba sumu ilikuwepo tangu zamani.

Najua mtu wa majitaka atasema masharti haya yatafanya tope likose pa kwenda. Inawezekana, kulifukia nako kuna matatizo yake na kulichoma ni ghali, sibishi. Lakini hilo ni tatizo la mji mzima, mji mzima ukae ulipange, lisimalizwe kimyakimya kwa kutafuta mkulima mwenye shida ya mbolea.

Mara nyingine mwandishi wenu akienda kuandika habari ya mashamba yaliyostawi kwa mbolea ya taka, namwomba akishapiga picha ya majani ya kijani aombe aonyeshwe karatasi ya vipimo, aangalie tarehe na ahesabu ni vitu vingapi vimepimwa, halafu atuandikie hiyo namba.

Wenu,
Mkulima na msomaji wa siku nyingi